Ukurasa wa Ikiwa

Mwalimu Kapela hakutaka picha kwanza.
Alitaka ukurasa.
"Andikeni kila kitakachowaharibikia,
na mbele yake, mtafanya nini.
Tahadhari kabla ya hatari,
kalamu kabla ya kamera."

Basi tukakaa nyuma ya maktaba,
Kalunde, Mihayo, na mimi mwenye mwandiko unaosomeka,
tukaanza kuyaita mabaya kwa majina.

Ikiwa betri itakata roho:
tuna ya pili. Mihayo ameiazima
kwa mjomba wake, mpiga pasipoti wa Isevya.
Ilale ndani ya soksi, isishikwe na baridi.
Ikiwa mvua:
mfuko wa nailoni wa enzi zile, kabla ya marufuku,
ambao mama Kalunde anauficha kama hati ya nyumba.
Ikiwa mlinzi wa stesheni atauliza sisi ni akina nani:
barua, ina mhuri, nakala tatu,
na ya nne kwa mlinzi atakayepokea zamu.
Ikiwa kadi itajaa:
tufute harusi ya binamu.
(Hapo Mihayo alinyamaza kidogo.)
Ikiwa mtu hataki kupigwa picha: tusimpige.
Kalunde alitaka huo uwe mstari wa kwanza,
nikachora mshale kuupandisha.
Ikiwa tutagombana sisi kwa sisi:
tukacheka, nikaacha nafasi.

Taa hatukuwa nayo.
Lakini tulikuwa na kitu kinachoshinda taa:
treni ya Kigoma.
Ratiba inasema saa kumi alfajiri,
na nani, Tabora hii, hajui ratiba ni salamu tu?
Mama Kalunde huuza chai pale pale jukwaani.
Alitusomea mwezi mzima kwa vidole:
saa moja, saa mbili kasoro, saa moja na nusu,
siku ile ya mafuriko, saa sita mchana.
Nikaandika, na nikapigia mstari:
Itachelewa. Tutapata jua changa,
lile linalopenya chini ya paa
likamfanya hata aliyekosa usingizi
aonekane amesamehewa deni.
Tukachora: hapa ngazi ya behewa,
hapa mama na dumu la mawese,
hapa mtoto anapitishwa dirishani.

Tuliamka saa kumi na moja.
Tukapiga mswaki bila haraka.
Njiani tukapishana na watu wenye mizigo,
madumu yakiwagonga magoti,
wakibishana bei na bodaboda.
"Hawa nao wanatoka wapi mapema hivi?"
akauliza Mihayo.
Hakuna aliyemjibu.
Tulikuwa tumeshaanza kukimbia.

Saa kumi kamili iliingia.
Ikashusha, ikapakia, ikaenda zake Dar.
Mlinzi hakutuuliza lolote.
Nilimpa barua hivyo hivyo;
akaisoma mpaka mwisho, akausifu mhuri.
Na ile nafasi niliyoiacha wazi
tuliijaza pale pale, kwa sauti,
nani alisema nini, nani aliamini nani.

Kisha jua likaja, changa,
mahali pale pale tulipolichora.
Likakuta matone ya mawese
yakifuatana toka ukingoni hadi langoni,
ndala moja ya mtoto,
na mezani kwa mama Kalunde
vikombe kumi na vinne visivyooshwa,
kila kimoja na mashapo yake,
kila kimoja na alama ya mdomo.
"Vipigeni hivyo," akasema, akihesabu chenji,
"mimi sitaki kupigwa."
Tukapiga vikombe.

Betri ya pili haikuguswa.
Ilirudi Isevya na soksi yake.

Mwalimu Kapela alivitazama vikombe
muda mrefu kuliko tulivyostahili.
Halafu akaomba ukurasa.
Nilikuwa nimeongeza mstari kwa wino mwekundu:
Ikiwa treni itawahi:
na mbele yake, hakuna kitu.

Kalunde anasema niandike, tulale stesheni.
Mihayo anasema niandike, haitatokea tena.
Mwandiko ni wangu.
Bado nafikiri.